Kuhesabu vifaru sio kupima jeshi

Mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mwanza, ila haya majedwali mnayotuwekea kila mara, nani ana vifaru vingapi nani ana ndege ngapi halafu mnawapanga wa kwanza wa pili kama msimamo wa ligi, kwa kweli mnatupotosha.

Turudi 1978. Kwa jedwali lenu Idi Amin wa Uganda alikuwa mtu wa kuogopwa, ana ndege za kivita za MiG, ana vifaru vya Mrusi, Gaddafi wa Libya yuko nyuma yake. Mwisho wa Oktoba akavuka mpaka akachukua eneo letu lote la kaskazini mwa Mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, tena akajitapa eti yeye na Mwalimu Nyerere wamalizane ulingoni kwa ngumi. Na sisi mwanzoni tulikuwa hovyo tusidanganyane, kule Musoma tulitungua ndege zetu wenyewe.

Ila jeshi la Amin lilikuwa limeoza kwa ndani. Maafisa wazoefu wengi walishauawa au kukimbia, askari wanaasi, waliobaki juu wamenogewa na maduka waliyoachiwa Wahindi walipofukuzwa 1972. Nchi inategemea kahawa tu, na Oktoba hiyohiyo Marekani ikapiga marufuku kahawa ya Uganda. Sasa kifaru bila mtu wa kukaa ndani yake mpaka mwisho si bati tu? Zile roketi zetu tulizoziita Saba Saba zilipoanza kulia askari wake walitupa silaha wakaingia porini, Walibya walioletwa kuwasaidia wakachapwa Lukaya, Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Hapa Mwanza ndo kichekesho. Gaddafi alituma Tu-22, lidege kweli la mabomu, lije lipige matenki ya mafuta, likakosa likapiga Kisiwa cha Saanane likaua swala. Kwenye jedwali lenu lile dege lina pointi kibao.

Halafu kuna upande wetu ambao hatupendi kuusema. Mwalimu alivyosema uwezo wa kumpiga tunao watu walishangilia, na vitani ilikuwa kweli, jeshi lilikuwa halifiki watu 40,000 likavuka 100,000 ukiweka na mgambo, malori na mabasi ya watu yakachukuliwa. Mfuko ndo haukuwa na huo uwezo. Vita inakadiriwa ilikula kama dola milioni 500, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Miezi 18 ipi bana! Miaka ya themanini mimi mtoto, mama ananituma alfajiri nikaweke jiwe letu kwenye foleni ya sabuni pale duka la ushirika, jiwe kalichora mkaa lisichanganywe na la jirani, narudi kulala, saa nne naenda nakuta mawe yamejipanga vilevile sabuni imeisha.

Kwahiyo mhariri mkileta tena jedwali la nani na nani ongezeni na hizi: askari mara ya mwisho kalipwa lini, vipuri vinatoka kwa nani, na hiyo nchi ina fedha za kigeni za kununua mafuta miezi mingapi. Najua namba hizo ni ngumu kuzipata, ndo maana mnatujazia za vifaru.

Msomaji wenu, Mwanza