Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza: Walimu wa Sanaa nao waende makongamano

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

YAH: RUHUSA NA NAULI KWA WALIMU WA SANAA KUHUDHURIA MAKONGAMANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Ni la mwalimu wa Sanaa wa Magu, wa Kwimba, wa Misungwi na wa kisiwani Ukerewe, ambaye mara nyingi shule nzima somo hilo analishika yeye tu.

Mwalimu wa Hisabati akikwama, anageuza kiti na kumuuliza mwenzake palepale ofisini. Sisi hatuna wa kumgeukia. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, imetuletea Jumuiya za Ujifunzaji shuleni, nami nimenufaika nazo, hasa katika kupanga vipindi na kupima wanafunzi. Ila siku nikisema tujadili namna ya kuchanganya rangi za maji, au namna ya kumfundisha mtoto kuchora kiganja cha mkono, wenzangu watanisikiliza kwa heshima na mjadala utaishia hapo. Si kosa lao. Hawakusomea kazi hiyo.

Kuna ombi la ruhusa la mwalimu mwenzetu lililorudishwa na jibu kwamba safari za sanaa ni matembezi. Sitataja halmashauri, maana sikuandika ili kumshitaki mtu. Lakini jibu lile liliniuma, kwa kuwa ninajua tunachokipata huko.

Chukua mfano wa ufinyanzi. Udongo huku kwetu tunao wa kumwaga, mtoto haombwi hela ya vifaa. Hata hivyo, vyungu vya wanafunzi wangu vilikuwa vikipasuka motoni, na kitabu hakikunisaidia. Katika mkutano mmoja wa walimu wa sanaa, wakati wa chai, mwalimu kutoka Sengerema alichota udongo, akautia vigae vya chungu kilichovunjika alivyokuwa amevitwanga, akaanza kuukanda mbele yetu. Akanishika mkono nibonyeze mwenyewe nisikie ule ukwaruzo. Akaeleza kwamba vigae vinapunguza udongo kusinyaa unapokauka na vinaupa mvuke pa kutokea. Akasisitiza pia chungu kikauke sawasawa, kisha kipashwe moto taratibu kabla ya kuwekewa kuni nyingi, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke ghafla ndiyo yanayokipasua. Hayo hayakuwa kwenye ratiba ya mkutano. Wala nisingeyapata kwa simu, kwa sababu kiasi cha vigae unakijua kwa vidole.

Sasa hivi hitaji limekuwa kubwa zaidi. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na walimu wengi waliokabidhiwa somo hilo hawakuwahi kushika brashi chuoni. Wanaandika ubaoni maana ya sanaa, watoto wananakili. Somo la mikono linageuka somo la daftari. Inasikitisha sana ukizingatia kwamba mtoto huyohuyo akitoka shuleni anapita Kirumba akiona mitumbwi iliyopakwa rangi na kuandikwa majina kwa ustadi ambao mwalimu wake hajui kuueleza.

Ninachokuomba, Ndugu Afisa Elimu, kwanza ni tamko la ofisi yako kwa wakurugenzi wa halmashauri kwamba mwalimu wa Sanaa anayekwenda kwenye kongamano au warsha ya fani yake yuko kazini, si likizo. Nauli na posho ya kujikimu zitengwe, hata kwa walimu wachache kwa zamu. Anayerudi awafundishe wenzake wa kata kwa vitendo, na Mratibu Elimu Kata athibitishe kuwa imefanyika. Hapo hakuna atakayesema fedha imeliwa.

Pili, na hili ndilo ninalolitamani kuliko yote: mkoa uwe na kongamano lake la kila mwaka. Chuo cha Ualimu Butimba kimeandaa walimu wa sanaa kwa miaka mingi, na kiko hapahapa jijini. Wakati wa likizo mabweni yapo na madarasa yapo. Siku moja twende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, tukae na ngoma za watemi tuzichore, tuwasikilize wachongaji na wachezaji wenyewe. Mwalimu wa Ukerewe atavuka kwa kivuko na kulala. Gharama yake haifiki ile ya kutupeleka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Pamoja na hayo, Bagamoyo tusiisahau. Tamasha la pale TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lilianza mwaka 1982, na anayefundisha maigizo au ngoma anastahili kuliona walau mara moja katika utumishi wake. Kampala nayo si mbali kama zamani, hasa tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Huko, Chuo Kikuu cha Makerere, ndiko Margaret Trowell alikoanzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, na ndiko Mtanzania Sam Ntiro aliposoma na kufundisha. Wenzetu wa Marekani wana chama cha walimu wa sanaa tangu 1947 na hukutana kila mwaka. UNESCO nayo imekwisha kuitisha mikutano ya dunia kuhusu elimu ya sanaa Lisbon mwaka 2006, Seoul 2010 na Abu Dhabi Februari 2024. Yanayoamuliwa huko yatatufikiaje darasani ikiwa hata Butimba hatujakutana?

Mimi na wenzangu kadhaa tumeandaa rasimu ya ratiba na makadirio ya gharama. Tunaomba utupangie siku tuje ofisini kwako tukukabidhi na kujibu maswali yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Sanaa, Ilemela