Barua kwa mwanangu: kutoka tawi la mwani hadi mtu

Micheweni, Pemba

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama mtu anaweza kufanywa nakala kama alivyofanywa kondoo Dolly, na kama nakala ya marehemu ingekuwa ndiye yeye. Nitaanzia pwani, maana kloni, yaani nakala zenye jeni zilezile, umezishika kwa mikono yako tangu udogoni.

Mbegu ya mwani si mbegu. Ni tawi lililokatwa kwenye tawi jingine. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mwani ulioletwa kutoka Ufilipino, na tangu hapo kazi ni kukata, kufunga na kukata tena. Jeni ni zilezile. Ukikata, chagua tawi changa na gumu lenye ncha nyingi, gramu 50 hadi 100, na utumie kisu kikali. Likikwanyuliwa kwa mkono, jeraha huoza. Taitai, kile kikamba cha kufungia tawi, usiikaze. Shina likinenepa hujikata lenyewe kwenye fundo na mawimbi yakalichukua. Baada ya wiki 6 unavuna, na mbegu unaitenga kabla ya kuanika.

Sasa tazama hasara yake. Katika aina mbili za mwani tunazolima, kottonii ina bei kuliko spinosum, lakini haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakichemka na jua, tawi hupauka, hulainika, kisha hukatika, kwa sababu bakteria huvamia lililokwisha dhoofika. Na kwa kuwa jeni ni moja, udhaifu nao ni mmoja, kamba ya kwanza hadi ya mwisho. Muhogo ni hivyo hivyo: virusi vya michirizi ya kahawia huhama ndani ya kipando, na mara nyingine majani hayaonyeshi kitu ilhali mzizi umeoza ndani. Kwa hiyo usichukue vipando kabla hujang'oa shina na kuukata mzizi wake ukautazama.

Mnyama ni kazi nyingine kabisa. Ukikata tawi, seli zake bado zinaweza kuotesha mmea mzima. Seli ya kiwele imekwisha kuzifunga jeni nyingi isizozihitaji, na wakati ule yai pekee ndilo lililoweza kuzifungua. Katika taasisi ya Roslin, Scotland, Ian Wilmut na Keith Campbell walichukua seli za kiwele cha kondoo mweupe wa miaka 6, wakazipunguzia seramu, majimaji ya damu yanayozilisha, kutoka asilimia 10 hadi 0.5 kwa siku 5 ili ziache kugawanyika. Halafu yai la kondoo mwenye uso mweusi likafyonzwa kromosomu zake, nyuzi zinazobeba jeni, kwa sindano ya kioo, seli ya kiwele ikaingizwa chini ya ganda lake, na umeme ukaviunganisha na kuliamsha yai. Mayai 277 yaliunganishwa hivyo. Viinitete 29 vilifikia hatua ya kupandikizwa, vikagawiwa kondoo 13, na tarehe 5 Julai 1996 akazaliwa mmoja, ndiye Dolly. Uso wake ulikuwa mweupe, aliyembeba mweusi. Kwa macho tu ulijua hakutoka kwa mama huyo.

Hesabu hiyo naomba uishike kuliko jina la Dolly. Alama za zamani kwenye jeni zisipofutika sawasawa, mimba huporomoka, kondo la nyuma huharibika, na ndama au wanakondoo wengine huzaliwa wakubwa kupita kiasi na mapafu dhaifu. Anayeumia ni jike aliyebebeshwa na mtoto asiyeishi.

Marehemu harudi kwa njia hii. Mwaka 2001, Texas, alizaliwa paka aliyeitwa CC, kloni wa paka jike wa rangi tatu. Hakufanana na aliyenakiliwa, hakuwa na rangi ya machungwa hata kidogo. Rangi hiyo hukaa kwenye kromosomu ya X, na kila seli ya paka jike ina X mbili, huizima moja. Seli iliyochukuliwa ilikuwa imeizima ile yenye rangi hiyo. Ikiwa manyoya hayarudi, itarudi vipi tabia aliyolelewa nayo mtu?

Kwa binadamu, hakuna aliyethibitishwa kuzaliwa hivyo. Wanaotukaribia ni nyani wa Shanghai, Zhong Zhong na Hua Hua, waliotangazwa mwaka 2018: viinitete 79, majike 21, mimba 6, watoto 2, tena kwa seli za kijusi. Zilipotumika seli za nyani aliyekwisha komaa, wawili waliozaliwa walikufa upesi. Weka wanawake 21 mahali pa majike hayo. Mimi siwezi kuikubali kazi hiyo hata kama mmoja atazaliwa mzima. Tena nasaba itavurugika: mwenye seli kijeni ni pacha wa mtoto, mwenye yai ndiye aliyempa mitokondria, vile vijiungo vya seli vyenye jeni chache zake, na mwenye tumbo ndiye aliyemzaa. Nani atamrithi nani? Baraza la fiqhi la kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliharamisha kloni ya binadamu, likaruhusu ya mimea na wanyama kwa mipaka ya sharia na maslahi.

Usidhani kwamba mlango wa tiba umefungwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alizirudisha nyuma seli za kawaida za panya kwa jeni 4 tu, bila yai na bila tumbo la yeyote. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Ukimaliza skuli na moyo wako bado uko kwenye somo hili, anzia hapo.

Mama yako