Kwa mdogo wangu unayekwenda kwenye usaili wa ualimu

Mdogo wangu,

Mama kanipigia jana, kanambia jina lako limo kwenye orodha ya walioitwa. Nimefurahi kweli. Nakuandikia hapa wazi kwa sababu mko wengi, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Tandahimba, mliomaliza chuo mkakaa miaka mkijitolea kufundisha kwa posho ya michango ya wazazi.

Nasikia unakariri. Maana ya mtaala, tofauti ya azimio la kazi (mpango wa muhula) na andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja). Vijue, maana mtihani wa kuandika unaweza kuvigusa. Upitie na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, notsi za zamani hazitoshi. Lakini ukifika kwenye mahojiano ya ana kwa ana, jopo litakuwa limesikia maana hizo tangu asubuhi. Wanamtafuta mtu ambaye akikabidhiwa watoto sitini Jumatatu, anajua aanzie wapi.

Kwa hiyo chukua somo moja ulijue mpaka kwenye mzizi. Mtoto wa darasa la tatu kapewa 52 kutoa 27, kaandika 35. Utafanyaje? Wengi hujibu, "Nitatumia mbinu shirikishi na zana." Zana gani? Anza na kosa lenyewe. Huyo mtoto hajabahatisha. Kaona mbili haitoshi kutoa saba, kageuza, katoa mbili kwenye saba, kapata tano. Kisha tano kutoa mbili, tatu. Ana kanuni yake kichwani, na ataitumia kila siku hadi aione imemshinda. Mpe vijiti vya mabua: mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa ukili, na viwili vya pembeni. Mwambie atoe saba. Havitoshi. Nyamaza, mwache ahangaike kidogo. Akishafungua fungu moja atakuwa na kumi na viwili mkononi. Atatoa saba, vitabaki vitano, na kwenye mafungu manne atatoa mawili. Ishirini na tano. Mueleze msaili hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na hatakuuliza tena zana ni nini.

Jiandae na swali la utoro, hasa ukiomba kubaki huku kwetu. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, madawati yanabaki wazi kwa sababu watoto wako mashambani wanaokota. Wengine wakitoka jando na unyago wanarudi shule wakijiona watu wazima. Tafadhali usijibu kwamba utawachapa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mamlaka ya kiboko. Hakizidi vinne na lazima kiandikwe kwenye kitabu. Ujue pia Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021, unaomruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Kisha sema la moyoni mwako: utakwenda kwa wazazi kabla msimu haujaanza, utakaa na bibi anayemlea mtoto, utamuomba mwenyekiti wa kitongoji asimame na wewe. Na hesabu za kilo za korosho na makato ya chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, utazileta darasani, mtoto aone kwamba shule inamsaidia nyumbani. Nimeona wazazi wa Newala wakibadilika kwa hilo zaidi ya kwa barua za kuitwa shuleni.

Vyeti: beba halisi vyote, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, na kitambulisho. Hati za matokeo za muda huwa hazikubaliwi. Angalia herufi za jina lako kwenye cheti kimoja baada ya kingine, leo hii, usingoje. Likitofautiana hata kidogo, nenda kwa wakili ukashughulikie hati ya kiapo ya majina. Nauli na malazi ni juu yako, basi fika Mtwara mjini siku moja kabla, ulale kwa shangazi Magomeni.

Jumamosi nashuka Masasi. Tafuta mabua na ukili. Nitakaa mbele yako kama mwanafunzi wa darasa la tatu aliyeandika 35, na sitakubali haraka.

Kaka yako, Newala