Shule yetu ya sheria, tulipofika na tunapoelekea

Habari zenu wote humu. Mwaka ndo huo unaisha, kabla watu hawajatawanyika naomba niwape picha ya tulipofika na mwakani tunataka nini hasa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kliniki ya msaada wa kisheria. Sasa hivi wanafunzi wanakaa na mteja wenyewe, wanamsikiliza mpaka mwisho, wanaandika hati ya kiapo kwa lugha ambayo akisomewa anaielewa kabla hajasaini, halafu mwalimu ambaye ni wakili anapitia kila mstari kabla haijatoka. Kitu hicho hukipati darasani hata ukae mbele kabisa.

Timu ya mahakama ya mfano, pale wanafunzi wanapobishana kesi ya kubuni kama wako mahakamani, nayo inajituma sana jamani, inajiandaa na Jessup, yale mashindano ya sheria ya kimataifa yaliyoanza 1960, na kule unaandika hoja za pande zote mbili, ya anayedai na ya anayedaiwa, yaani leo unajenga hoja kesho unaibomoa mwenyewe, na mimi naona hapo ndo mtu anakuwa mwanasheria.

Maktaba bado. Mwakani kipaumbele cha kwanza kiwe ripoti za kesi za mtandaoni, yaani mikusanyo ya hukumu za mahakama, tujue ipi bado inasimama, maana ukinukuu hukumu iliyokwishatenguliwa kwenye rufaa hoja yako imekufa hapo hapo. Cha pili ada za wanaokwama mwaka wa mwisho, inauma sana kuona mtu anaishia mlangoni.

Mawakili mlio tayari kuwafundisha wanafunzi kuhoji mashahidi nicheki inboksi, ratiba tunaifunga Ijumaa.