Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Soka la Kata Yetu na Msimu wa Uchaguzi, 2024

Ndugu wanachama, viongozi wa timu, waamuzi na wazee wetu wa mchangani,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na msimamo wa ligi mnaujua kuliko mimi. Naomba nizungumzie uchaguzi wa serikali za mitaa, maana mwaka huu ulituingilia hadi ndani ya kumi na nane.

Tangu Agosti walitufuata watia nia watatu wakitaka kudhamini kombe. Wawili walikubali masharti yetu: jezi zisiwe na picha wala rangi za siasa, na vifaa vipitie kwa kamati. Wa tatu alitaka kombe liitwe kwa jina lake na fainali ichezwe siku ya mkutano wake. Tukakataa. Akapeleka jezi na mipira moja kwa moja kwa timu mbili, nazo zikajitoa kwenye ligi katikati ya msimu. Baada ya tarehe 27 Novemba, siku ya kura, hakuonekana tena, na vijana wale hadi leo hawana mashindano. Hilo linaniuma sana. Siwalaumu, anayecheza peku akiletewa viatu, utamwambia nini?

Wapo waliosema kamati ilikuwa na kiburi. Tuwatazame jirani zetu Kenya. Novemba 2021 serikali yao iliuvunja uongozi wa shirikisho la soka kwa tuhuma za fedha, ikaweka kamati ya mpito. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, pamoja na Zimbabwe, kwa sababu ya serikali kuingilia soka, na timu yao ya taifa, Harambee Stars, ikaenguliwa kwenye mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2023. Kifungo kiliondolewa mwishoni mwa Novemba 2022. Tuhuma zilikuwa nzito na zilistahili kuchunguzwa, lakini mzigo waliubeba wachezaji ambao hawakuulizwa lolote. Ndivyo ilivyotokea hapa kwetu, kwa kiwango cha kata.

Sisemi wanasiasa wakae mbali nasi. Uwanja wenyewe ni wa serikali ya mtaa, na bila kikao chetu na diwani mwezi Machi, nyuma ya goli la kaskazini pangekuwa na vibanda leo. Rais Samia alipoahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye michuano ya klabu za Afrika (CAF) mwaka 2023, kiasi kilitajwa hadharani na kipimo kikawa bao. Mimi naomba uwazi wa namna hiyo.

Mwakani ni uchaguzi mkuu, na watakaokuja watakuwa na mifuko mikubwa zaidi. Kamati inaleta hoja mbili: kila msaada uandikwe kwenye daftari la mweka hazina na usomwe mbele ya timu zote, na zile timu mbili zirudishwe ligi bila faini. Naomba tuanze na hii ya pili. Manahodha wao wako nje, wanasubiri.