Wito wa Harambee: Huduma kwa Manusura wa Ubakaji Isikatike Tukisubiri Fedha za Umma

Ndugu wanajumuiya na marafiki wote,

Wito huu hauna picha. Anayechangisha ujenzi wa darasa huonyesha msingi uliokwisha kuchimbwa, na anayechangisha matibabu huweka uso wa mgonjwa mbele ya watu ili huruma iwashike. Sisi wa kamati ya kituo cha kuwahudumia manusura wa ubakaji na unyanyasaji wa kingono hatuna uso wa kuwaonyesha, wala hatutakuwa nao, kwa kuwa ahadi ya kwanza anayopewa kila aingiaye mlangoni petu ni kwamba habari zake hazitatoka humo bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inapotulazimu kutoa taarifa ili kumlinda mtoto. Kwa hiyo tunawaomba mchangie jambo msiloweza kuliona, nasi tunawajibika kueleza bila kuficha fedha zenu zitafanya nini.

Mtu aliyebakwa ana saa za kuhesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza kumezwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi ya siku 5, navyo pia hudhoofika kadiri vinavyocheleweshwa. Iko chanjo ya homa ya ini aina ya B, iko tiba ya magonjwa mengine ya zinaa, yapo majeraha, na uko ushahidi wa mwilini ambao hufifia saa baada ya saa. Hospitali ndiyo inayotoa dawa, na polisi ndio wanaopeleleza. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba aliyedhurika anafika huko kwa wakati, kwamba hafiki peke yake, na kwamba anaelezwa kila anachofanyiwa kabla hakijafanywa, pamoja na haki yake ya kukataa.

Katika chumba chetu cha mapokezi lipo kabati la nguo. Wageni hudhani ni nguo za msaada kwa maskini, lakini sivyo. Nguo alizovaa mtu wakati wa tukio huwa ni ushahidi, na daktari au polisi huzichukua, kila moja ikawekwa katika mfuko wake wa karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Sasa mtu huyo, baada ya kupimwa na kuulizwa maswali kwa saa nyingi, atarudi nyumbani amevaa nini? Tumewahi kumpokea aliyetoka kwenye uchunguzi akiwa amejifunga shuka la hospitali, amelishika kwa mikono miwili, asithubutu hata kupokea kikombe cha maji kwa kuhofia lisimwanguke. Tangu siku hiyo kabati hilo halikuachwa tupu. Lina nguo za ndani mpya za vipimo mbalimbali, magauni, suruali, kandambili na nguo za watoto. Lina nguo za wanaume pia, kwa kuwa wanaume na wavulana nao hubakwa, na wengi wao huchelewa kuja kwa kudhani kwamba huduma hii haikuwekwa kwa ajili yao.

Baada ya usiku huo wa kwanza zinakuja siku 28 za kumeza dawa bila kukosa, na hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Dawa huweza kuleta kichefuchefu na uchovu, na kila kidonge humkumbusha mtu kile anachotaka kukisahau. Mshauri nasaha wetu humpigia simu kwa saa waliyokubaliana, humsikiliza, humtafutia miadi anaposhindwa kuvumilia, kisha humwandaa kwa vipimo vya marudio. Kama kesi itafikishwa mahakamani, safari yake ni ya miezi, mara nyingi ya miaka, ikiwa na kuahirishwa kusikokwisha; kila inapotajwa, shahidi anahitaji nauli na mtu wa kukaa naye barazani wakati mshtakiwa anapita mbele yake.

Haya yote ni wajibu wa umma, na hatusemi hivyo kwa kujipendelea. Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kwamba wahanga wa uhalifu wanastahili msaada wa vitu, wa kitabibu, wa kisaikolojia na wa kijamii, na mwaka 1993, katika Azimio la kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake, likazitaka nchi ziweke fedha za kutosha katika bajeti zao kwa ajili ya shughuli hizo. Tatizo ni namna fedha zinavyopatikana. Huko Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1984 iliunda mfuko wa wahanga wa uhalifu unaotegemea zaidi faini wanazotozwa wakosaji. Wazo hilo lilikuwa zuri, lakini faini hupanda na kushuka, na mfuko uliposinyaa vituo vikapunguziwa fedha, hadi ilipobidi sheria irekebishwe mwaka 2021 ili kuongeza vyanzo vyake. Waliodhurika hawakupungua kwa sababu faini zimepungua.

Kwetu sisi, ruzuku ya umma hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, nayo huingia mwaka wa fedha ukiwa umekwisha kuanza kitambo. Katika pengo hilo kodi ya nyumba haisubiri, na mshauri wa zamu ya usiku hawezi kuishi kwa ahadi. Kuna wakati ofisi moja iliyokuwa ikitufadhili ilitutaka tuambatanishe orodha ya majina na sahihi za wote waliohudumiwa, kama orodha ya mahudhurio ya semina. Tulikataa. Tulijua kukataa kutatugharimu, na kulitugharimu miezi kadhaa ya malipo, mpaka ilipokubaliwa kwamba tutoe namba za siri badala ya majina. Katika miezi hiyo tulifunga zamu ya usiku. Hatujui ni nani waliogonga mlango tukiwa hatupo, na jambo hilo linatuuma hadi leo.

Ndiyo sababu tunaitisha harambee hii. Tunataka kuweka akiba itakayoendesha zamu ya usiku, usafiri wa dharura, simu za ufuatiliaji na kabati la nguo katika kipindi chote ambacho ruzuku haijaingia. Hatutafuti fedha za kuichukua nafasi ya serikali. Tunasema hivyo waziwazi, maana tunahofia kwamba tukifanikiwa sana, wapanga bajeti wataona kituo kinajimudu na kutupunguzia. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa pamoja: mchango wenu, na sahihi zenu kwenye barua ya kuiomba halmashauri iitengee huduma hii kifungu chake katika bajeti, kwa muda wa miaka mitatu mitatu badala ya mmoja. Siku ya kikao cha wananchi cha kujadili bajeti tungependa viti vijae, kwa sababu manusura wenyewe si rahisi wasimame pale kujisemea, na hakuna anayepaswa kuwadai wafanye hivyo.

Kiasi kidogo kinachotolewa kila mwezi kinatusaidia kuliko kikubwa kinachotolewa mara moja, kwa kuwa zamu hupangwa kwa mwezi. Asiye na fedha anaweza kuleta nguo za ndani mpya, kandambili au taulo za kike. Nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa hatuzipokei. Michango ipokelewe na mweka hazina peke yake, na kila mchangiaji adai stakabadhi. Hesabu za mapato na matumizi zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi kila robo mwaka, na yeyote atakayetaka kuzikagua vitabuni atafunguliwa vitabu hivyo, ila si majalada ya waliohudumiwa.

Na kama wewe unayesoma wito huu ni mmoja wa waliodhurika, neno la mchango halikuhusu. Njoo hata kama hujaamua kushtaki, hata kama saa 72 zilikwisha kupita, hata kama imepita miaka. Mlango wa nyuma hauelekei barabarani, na hutaulizwa jina lako halisi mpaka utakapotaka kulisema.

Kamati ya Kituo