Yah: Malalamiko ya kuondolewa kwa programu ya kunyonyesha

Kwa Mkuu wa Idara ya Ukaguzi wa Programu,

Mimi ni mkunga, nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga. Nimekata rufaa kwenu mara 3 kwa kujaza ile fomu ya mtandaoni, na mara zote nimejibiwa maneno yaleyale: "maudhui ya ngono". Neno hilo limeniuma.

Programu ya simu mliyoiondoa tuliitengeneza mimi na mpwa wangu. Maelezo niliandika mimi. Yeye alikaa na kompyuta usiku akitoka chuoni. Haiuzwi wala haina matangazo. Inamfundisha mzazi namna ya kumpakata mtoto, kwa nini dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, haifai kukamuliwa ikamwagwa, na afanye nini matiti yakijaa hadi yakawa magumu.

Picha mnayoilalamikia ni ya 4. Ni mchoro wa kalamu. Mama kajifunga kanga, titi moja liko nje, mtoto kaachama, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu karibu yote imeingia mdomoni. Somo lenyewe liko hapo. Mtoto akishika ncha tu, chuchu inapasuka, mama analia kila akinyonyesha, na haichukui siku nyingi ndugu wanaleta kopo la maziwa. Mchoro kama huo umebandikwa ukutani kliniki kwetu. Akina baba, mabibi na watoto wa shule wanapita mbele yake na hakuna anayeshtuka.

Mlitutaka tulifunike titi. Mpwa wangu akaweka kivuli cha kijivu. Mzazi mmoja niliyemwonyesha akaniuliza, "Nesi, sasa hapa mtoto anashika wapi?" Tukakitoa.

Masharti yenu, ambayo nimeyasoma yote, yanaruhusu picha za mwili zenye lengo la elimu. Aliyekagua aliona titi, akaishia hapo. Maelezo ya Kiswahili yaliyo chini yake hakuyasoma. Facebook nayo ilifuta picha za wanyonyeshaji kwa miaka, akina mama wakailalamikia, na mwaka 2015 ikaandika wazi kwamba zinaruhusiwa. Na zile zilikuwa picha za watu halisi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Mama akisharudi kijijini, usiku mtoto analia na titi analikataa, ukuta wa kliniki yetu uko mbali. Simu iko mkononi.

Naomba programu irudishwe, na onyo mliloiandikia akaunti ya mpwa wangu lifutwe, maana kijana huyu ndiyo kwanza anaanza kazi. Kama bado mnakataa, mpeni anayejua Kiswahili aisome yote, kisha mniandikie ni sharti lipi tumevunja, na kwa picha ipi.

Wenu,
Mkunga, Tanga